Kuunganisha darasa la Kijerumani la Kenya na darasa la Kiswahili la Ujerumani: mwongozo kamili kwa mwalimu

Wanafunzi wengi wanaojifunza Kijerumani katika vyuo vya Kenya humaliza muhula baada ya muhula bila kuzungumza na Mjerumani hata mmoja wa rika lao. Wakati huohuo, katika vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg, Bayreuth na Humboldt cha Berlin, wamo vijana wanaojifunza Kiswahili ambao, nje ya sauti ya mhadhiri wao, hawana wa kuwajibu wanapouliza "habari za leo". Kila upande unacho kile ambacho mwenzake anakitafuta, na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inatosha kuwakutanisha. Nimeendesha mabadilishano ya aina hii kwa mihula kadhaa nikiwa mwalimu wa Kijerumani hapa Kenya, na ninaandika mwongozo huu kwa mwalimu anayetaka kuanza bila kurudia makosa yangu.

Njia yenyewe si ngeni. Katika miaka ya 1920 mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliwaandikisha watoto wa shule yake ya Bar-sur-Loup barua za kubadilishana na watoto wa shule ya mbali. Katika miaka ya 1990 walimu wa Chuo Kikuu cha Bochum nchini Ujerumani walianza kuunganisha wanafunzi wawili wawili kwa barua pepe, kila mmoja akimfunza mwenzake lugha yake, kwa utaratibu uitwao tandemu, yaani baiskeli ya watu wawili ambapo wote wanakanyaga. Jina hilo lafaa kukumbukwa, kwa kuwa mabadilishano mengi niliyoyaona yakifa yalikufa pale ambapo mmoja tu ndiye aliyekuwa akikanyaga.

Hatua ya kwanza: amua kila upande utapata nini

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, andika katika karatasi moja kile ambacho wanafunzi wako wanataka kukipata na kile ambacho wako tayari kukitoa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua hatima ya kazi yote. Mwaliko wa kawaida kutoka ng'ambo huja hivi: "Tuna wanafunzi wanaojifunza Kiswahili, je, wanafunzi wako wanaweza kuzungumza nao?" Ukikubali kwa maneno hayo tu, wanafunzi wako watakuwa walimu wasiolipwa. Watajibu kwa furaha wiki ya kwanza, watajibu kwa adabu wiki ya pili, na wiki ya nne watakuwa wamenyamaza, wala hutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Mkataba wa haki ni mwepesi kuuandika: nusu ya muda ni wa Kiswahili na nusu ni wa Kijerumani, kazi ni zilezile kwa pande zote mbili, na alama zinatolewa pande zote mbili. Hili la alama walimu hulisahau. Ikiwa wanafunzi wa Ujerumani wanahesabiwa mabadilishano haya kama sehemu ya kozi yao, na wako wanayafanya kwa hiari baada ya vipindi, basi wiki ya mitihani ya kati itakapofika wako ndio watakaokosekana. Zungumza na mkuu wa idara yako mapema ili angalau asilimia 15 au 20 ya alama za kazi za darasani zitokane na mabadilishano.

Hatua ya pili: mtafute mwalimu mwenzako

Usianze kwa kutafuta wanafunzi. Anza na mwalimu mmoja tu, mwenye darasa na ratiba, kwani ndiye atakayewahimiza wake unapowahimiza wako. Tovuti za idara za masomo ya Afrika katika vyuo nilivyovitaja, pamoja na Mainz na Köln, huonyesha anayefundisha Kiswahili na anwani yake ya kazini. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, ambalo limekuwa likifanyika tangu 1987, hukutanisha wahadhiri wa Kiswahili wa Ulaya na wa Afrika Mashariki, na mwenzako wa idara ya Kiswahili chuoni kwako huenda anamfahamu mmoja wao. Ofisi ya Nairobi ya DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wanachuo, na Goethe-Institut, kituo cha Ujerumani cha lugha na utamaduni, pia ni mahali pazuri pa kuulizia. Kwa mwalimu wa shule ya upili, mtandao wa shule washirika ujulikanao kama PASCH, ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani mwaka 2008, ndio mlango wa karibu zaidi.

Barua ya kwanza iwe fupi na yenye mambo ya hakika: una wanafunzi wangapi, wako kiwango gani, muhula wako unaanza na kwisha lini, na ungependa mfanye nini kwa wiki ngapi. Iandike kwa Kijerumani na aya moja ya Kiswahili, kwa sababu atakayeisoma anaishi na lugha hizo mbili kama wewe. Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu ilipofunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki mwaka 1887, na Amur bin Nasur wa Unguja na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo walivuka bahari kwenda kukifundisha huko. Kwa hiyo usiandike kama mwombaji. Unakwenda kwa watu ambao wamekuwa wakihitaji sauti ya mzungumzaji wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 100.

Akikubali, fanyeni mazungumzo ya ninyi wawili tu kwa saa nzima kabla ya kuwahusisha wanafunzi. Ulizeni maswali magumu: nani atamfuatilia mwanafunzi asiyejibu, baada ya siku ngapi, na tutafanya nini ikiwa mmoja atamwomba mwenzake pesa au picha zisizofaa? Walimu wanaoona haya kuyazungumza haya mapema huyazungumza baadaye wakiwa wamekasirika.

Hatua ya tatu: kalenda, kisha saa

Vyuo vikuu vingi vya Kenya vina mihula inayoanza Septemba, Januari na Mei. Huko Ujerumani mihadhara ya muhula wa baridi huanza katikati ya Oktoba na kwisha mapema au katikati ya Februari, na ile ya muhula wa kiangazi huanza katikati ya Aprili na kwisha katikati ya Julai. Ukizilaza kalenda hizo mbili sambamba utaona nafasi mbili zinazofaa. Ya kwanza ni kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba. Ya pili ni kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Julai. Mimi huchagua ya pili kila ninapoweza, na sababu yangu ni saa.

Saa za Kenya hazibadiliki mwaka mzima. Za Ujerumani husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo wakati wa kiangazi sisi tuko mbele yao kwa saa moja, na wakati wa baridi kwa saa mbili. Ukianza katikati ya Oktoba, tofauti itabadilika mkiwa bado wiki ya pili, na nusu ya darasa itakuja mtandaoni ikute skrini tupu. Ukianza Mei, hesabu inabaki ileile hadi mwisho.

Hata hivyo tofauti ya saa ni tatizo dogo ikilinganishwa na namna ya kuzitaja. Mwaka wangu wa kwanza niliwaandikia wote kwa Kiswahili kwamba tukutane "saa kumi jioni". Mwanafunzi mmoja wa Ujerumani aliyekuwa amejifunza namba vizuri na neno "jioni" vizuri aliketi mbele ya kompyuta yake saa nne za usiku za kwao, yaani pale saa yake ilipoonyesha 22:00, akatusubiri peke yake. Wiki iliyofuata ikawa zamu yetu. Mwenzake alimwandikia mwanafunzi wangu wakutane "halb vier" kwa saa za Nairobi. Kwa Mjerumani maneno hayo ni nusu ya kuelekea saa ya nne, yaani 15:30, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu. Mwanafunzi wangu aliyasoma kama saa nne na nusu ya Kizungu, akafika saa kumi na nusu, saa nzima baada ya mwenzake kukata tamaa.

Tangu hapo nina kanuni mbili. Tangazo lolote rasmi linaandikwa kwa tarakimu za saa 24 na jina la mji: "16:00 Nairobi, 15:00 Leipzig". Na mtego wenyewe nimeugeuza kuwa kazi ya kwanza ya wanafunzi, kama nitakavyoeleza.

Hatua ya nne: ridhaa na faragha

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Umoja wa Ulaya una kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 2018. Kwa mwalimu, maana yake ya kila siku ni hii: hakuna anayelazimishwa kutoa namba yake ya simu, hakuna sauti wala video inayorekodiwa bila ridhaa ya maandishi, na kila rekodi ina tarehe ya kufutwa. Andaeni fomu moja ya ukurasa mmoja kwa lugha zote mbili, iseme kitakachokusanywa, kitakapowekwa, nani atakisikia na kitafutwa lini.

Walimu wa shule za upili wana wajibu mzito zaidi kwa kuwa wanafunzi wao ni watoto. Huko mawasiliano yapitie kwa mwalimu, ridhaa itoke kwa mzazi, na mtoto asiachwe kamwe katika gumzo la faragha na mtu mzima wa ng'ambo. Shule nyingi pia haziruhusu simu kwa wanafunzi. Hilo halizuii kitu, kwa sababu kompyuta moja na kinasa sauti kimoja vinaweza kuhudumia darasa zima kwa zamu.

Hatua ya tano: chagua njia nyepesi

Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho kila mwalimu hukifanya. Niliwaketisha wanafunzi wote mbele ya skrini moja, wenzetu wakaketi mbele ya yao, na tukatumia sehemu kubwa ya kipindi tukiulizana "mnatusikia?" Waliozungumza walikuwa wanne, wale wanne wanaozungumza kila siku. Wengine waliangalia. Mkutano wa video wa darasa zima unapendeza kwenye picha za ripoti, lakini haumfunzi mtu lugha.

Msingi wa kazi uwe ujumbe wa sauti. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifikii hata MB moja, kwa hiyo mwanafunzi mwenye bando la mwisho wa mwezi bado anaweza kuutuma, na usipotoka sasa hivi utatoka mtandao utakaporudi. Lakini faida kubwa ni ya lugha. Katika mazungumzo ya moja kwa moja anayeanza lugha husikia sentensi mara moja, inampita, anatabasamu. Ujumbe wa sauti anaurudia. Nilimtazama mwanafunzi wangu mmoja akiwa ameketi kwenye ngazi za maktaba, kifaa kimoja cha kusikilizia sikioni, akisikiliza sekunde 50 za Kijerumani cha mwenzake. Alisikiliza, akaandika maneno mawili kiganjani, akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akaanza kuitamka sentensi kwa sauti ya chini akifuata mwinuko wa sauti ya yule mwenzake. Kisha akajirekodi, akajisikiliza, akafuta, akajirekodi tena. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa zoezi lolote nililompa kutoka kitabuni.

Kuhusu programu, kubalianeni na mwenzako kulingana na kanuni za vyuo vyenu. Wanafunzi wetu wako WhatsApp, lakini vyuo vingi vya Ujerumani haviwezi kumlazimisha mwanafunzi kuitumia, hivyo baadhi huomba kazi iwekwe kwenye Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni, ambako faili la sauti linapakiwa kama kazi nyingine yoyote. Zote mbili zafaa. Kwa mikutano ya moja kwa moja, wao wengi wana BigBlueButton ya chuo, mfumo wa mikutano ya video ambao hufunguka kwenye kivinjari cha simu bila kupakua programu. Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na nitaonyesha kwamba dakika 40 zinatosha. Wanafunzi wako wafundishwe pia kuunganisha simu zao na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ambayo vyuo vingi vya Kenya huipata kupitia KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya. Na wakumbushwe kuongeza kibodi ya Kijerumani, au kubonyeza na kushikilia herufi a, o na u ili alama za nukta mbili zitokee.

Hatua ya sita: vikundi vya watatu

Idadi hazilingani kamwe. Nimewahi kuwa na wanafunzi 24 dhidi ya 11 wa upande wa pili. Kuwapanga wawili wawili katika hali hiyo huacha wengine mikono mitupu, na mmoja akiugua mwenzake anakosa kazi. Panga vikundi vya watatu, Wakenya wawili na Mjerumani mmoja, na wale wachache watakaozidi wapewe vikundi vya watu wanne. Wakenya wawili wanasaidiana kuelewa Kijerumani kabla ya kujibu, na Mjerumani anasikia sauti mbili za Kiswahili badala ya moja, jambo ambalo ni la thamani hasa pale mmoja anapokuwa mtu wa Kisumu na mwingine wa Malindi.

Viwango vikaribiane. Anayesoma Kijerumani cha A2, ngazi ya pili kati ya sita, akipewa mwenzake wa Kiswahili cha muhula wa kwanza, mazungumzo yataelemea upande mmoja tangu siku ya kwanza.

Hatua ya saba: kazi za wiki nane

Kanuni yangu ya kutunga kazi ni moja: isiwezekane kuimaliza bila mwenzako. Ukiwaambia "jitambulisheni" watasoma aya walizozikariri. Uliza kitu ambacho jibu lake liko upande wa pili pekee.

Wiki ya kwanza na ya pili ni za saa. Kila mwanafunzi anarekodi ujumbe wa dakika moja akieleza siku yake, akitaja saa tano katika lugha anayojifunza na kwa namna ya watu wa lugha hiyo. Mkenya atasema "halb sieben", Mjerumani atasema "naamka saa moja na nusu asubuhi". Anayepokea anachora saa tano kwa kalamu, akiweka akrabu kama alivyosikia, anapiga picha na kuirudisha. Kosa linaonekana papo hapo bila mwalimu kusema neno, na aliyekosea anarekodi upya. Baada ya kazi hii sijapata tena mtu wa kusubiri peke yake usiku.

Wiki ya tatu na ya nne ni za maneno. Hapa nimefuata njia iliyoanza katika chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1997, katika mradi uitwao Cultura, ambapo wanafunzi wa Marekani na wa Ufaransa waliandika, kila mmoja kwa lugha yake, maneno yanayowajia wanaposikia neno fulani, kisha orodha zikawekwa ubavu kwa ubavu. Sisi hutumia maneno manne: jirani, kuchelewa, familia na mgeni. Neno la mwisho ndilo lililozaa mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuyaona. Wanafunzi wangu chini ya "mgeni" waliandika chai, karibu, kuku, mkeka, na mmoja akaongeza "mgeni njoo, mwenyeji apone". Wenzao chini ya "Gast" waliandika mwaliko, zawadi, kusafisha nyumba, tarehe. Kisha msichana mmoja wa upande wa pili, aliyekuwa amesoma katika kamusi yake kwamba "mgeni" ni pia mtu asiyejulikana au mtu wa nchi nyingine, akauliza: "Kwa Kijerumani mtu huyo ni Fremder, si Gast. Ninyi mnajuaje ni yupi?" Wanafunzi wangu walinyamaza. Hawakuwa wamewahi kuona kwamba lugha yao imewaweka watu hao wawili ndani ya neno moja. Walijadiliana kwa siku tatu, kwa Kiswahili na kwa Kijerumani, na sikuhitaji kuwahimiza.

Mwalimu ajiepushe na pupa ya kufafanua. Ukieleza maana ya orodha kabla wao hawajaulizana, umewanyang'anya kazi.

Wiki ya tano ni mkutano wa kwanza wa moja kwa moja, kila kikundi kivyake, kila mtu kwa simu yake. Dakika tano za salamu, 15 za Kiswahili, 15 za Kijerumani, tano za kupanga kazi inayofuata. Mmoja anaweka kengele, na ikilia lugha inabadilika hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Waandaeni wote kuhusu salamu. Mkenya atauliza habari za nyumbani, za masomo na za jamaa, na asipoulizwa naye ataona amepuuzwa. Mjerumani ataingia moja kwa moja kwenye kazi, na akiulizwa habari za familia yake anaweza kudhani umesikia jambo baya limetokea. Wakielezwa mapema wanalicheka jambo hilo pamoja. Wasipoelezwa kila mmoja anamhesabu mwenzake kuwa mtu baridi au mtu wa kuuliza mno.

Wiki ya sita na ya saba ni za sokoni. Mkenya anapiga picha bidhaa za mama mboga na kurekodi maelezo kwa Kijerumani, Mjerumani anafanya hivyohivyo kwa Kiswahili katika soko la wiki la mji wake. Bidhaa tu zipigwe picha, nyuso za watu zisipigwe. Kila mmoja anamuuliza mwenzake maswali matatu kuhusu bei na vipimo. Hapo ndipo hutokea kwamba huku nyanya zinauzwa kwa mafungu na kule kwa kilo, na mwanafunzi wa Ujerumani analazimika kuuliza fungu lina nyanya ngapi, na kwa nini jana lilikuwa na tano na leo lina nne. Wiki ya nane ni mkutano wa pili, na darasa zima linaweza kukutana kwa mara moja tu, kuagana.

Kiingereza, mgeni asiyealikwa

Hili nimelitenga kwa kuwa ndilo lililonisumbua kuliko mengine yote. Wanafunzi wetu wanajua Kiingereza, wenzao wanakijua pia, na ugumu unapotokea wote wawili wanateleza humo bila hata kujua. Kikundi kimoja kilizungumza mkutano mzima kwa Kiingereza, kikatoka kimefurahi, na hakikuwa kimejifunza kitu.

Kukipiga marufuku hakusaidii; watanyamaza tu. Kinachosaidia ni kuwapa kamba ya kujiokoa katika lugha wanayoijifunza. Kabla ya mkutano wa kwanza kila mwanafunzi anakariri sentensi sita: sijaelewa, rudia polepole, neno hilo lina maana gani, nieleze kwa maneno mengine, nipe mfano, ngoja nifikiri. Wa kwetu wanazikariri kwa Kijerumani, wenzao kwa Kiswahili. Zikishindwa zote, Kiingereza kinaruhusiwa kwa neno moja tu, na neno hilo linaandikwa katika daftari pamoja na tafsiri yake ili litumike katika ujumbe wa sauti unaofuata. Mwisho wa muhula madaftari hayo yananionyesha, kuliko mtihani wowote, ni maneno gani nilisahau kuyafundisha.

Kuna jaribu jingine la aina hii kwa upande wetu, nalo ni Sheng. Mwenzetu wa Leipzig amefundishwa "hujambo" na jibu lake "sijambo", naye anapokelewa na "niaje". Sitaki wanafunzi wangu waone haya kwa lugha wanayoizungumza kila siku, wala sitaki mgeni aende kuandika "niaje" katika insha yake. Tunatunza jedwali la safu mbili, ya mtaani na ya vitabuni, na kila neno la Sheng linapotumika linaingizwa na mwenzake wa pili. Wajerumani nao hujaza jedwali lao, kwa kuwa vijana wa huko pia hawazungumzi kama kitabu changu cha kiada.

Kusahihishana

Mweleze kila mwanafunzi kwamba atasahihisha makosa matatu tu katika kila ujumbe: yale yanayozuia kueleweka kwanza, kisha yanayojirudia. Asahihishaye kumi anamwua mwenzake moyo, na asiyesahihisha chochote kwa heshima anamdhulumu. Wanafunzi wetu huegemea kosa la pili. Malezi yetu yanatufanya tumsifu mgeni kwa kila neno la Kiswahili analolitamka, hata lililopinda. Nimelazimika kuwaambia waziwazi kwamba mwenzao amekuja kutafuta masahihisho, na kwamba kumnyima ni kumnyima alichokifuata.

Watambue pia kwamba kuijua lugha si sawa na kuweza kuieleza. Mjerumani atauliza kwa nini tunasema "kikapu kikubwa" lakini "kifaru mkubwa", na mwanafunzi wako, aliyezungumza hivyo maisha yake yote, atajibu "ndivyo tunavyosema". Mruhusu aende kwa mwalimu wa Kiswahili kuuliza, arudi na jibu kwamba viumbe hai hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA hata umbo la jina likiwa na ki-. Upande wa pili mambo ni hayohayo: Mjerumani hajui aseme nini anapoulizwa kwa nini "Mädchen", msichana, halichukui kibainishi cha kike "die" bali "das", na mara nyingi ni mwanafunzi wetu aliyesoma darasani kanuni ya viishio vya udogo, kwamba jina linaloishia na -chen huchukua "das", ndiye anayemweleza. Siku hiyo mwanafunzi huyo hutembea kwa namna nyingine.

Kutoa alama na kufunga muhula

Usitoe alama kwa ufasaha wa mazungumzo, kwa sababu hukuwapo na kwa sababu kila mmoja alipata mwenzake tofauti. Toa alama kwa vitu unavyoweza kuvishika: ujumbe wa sauti mmoja wa wiki ya kwanza na mmoja wa wiki ya nane vikilinganishwa, daftari la maneno, masahihisho aliyompa mwenzake, na ukurasa mmoja wa Kijerumani kuhusu jambo moja alilodhani analijua kabla ya kumuuliza mwenzake. Mwanafunzi ambaye mwenzake alitoweka apewe kikundi kingine ndani ya siku tano, wala asipunguziwe alama.

Wiki inayofuata futeni rekodi kama fomu ilivyoahidi, isipokuwa zile ambazo wenyewe wameomba kubaki nazo. Kisha, kabla mwenzako hajazama katika likizo yake na wewe katika kusahihisha mitihani, kaeni tena ninyi wawili kwa nusu saa, mwambiane ni kazi gani haikufanya kazi, na muweke tarehe ya mwaka ujao mkiwa bado mtandaoni. Yetu tayari imo katika kalenda zote mbili: Alhamisi ya tatu ya Mei, 16:00 Nairobi, 15:00 kwao, na chini yake mwenzangu ameandika kwa mkono wake, "saa kumi jioni".